Shukrani kwa binti wa miwani, Jinja

Binti yangu uliyenihudumia karibu na soko kuu la Jinja, jina lako sikulipata, ila wasomaji hawa wawe mashahidi. Baada ya umri wa miaka 40 hivi lenzi ya jicho hukakamaa, kuona vya karibu kukawa kugumu, na sasa nina miwani ya kusomea, ya cherehani na ya kutazamia mbali, zote za fremu nyeusi. Ulizipima moja moja, ukafunga uzi mwekundu kwenye ya kusomea, wa kijani kwenye ya cherehani. Ukanisomesha gazeti mpaka ukaridhika. Kisha ukakataa kuniuzia nyingine kabla sijapimwa presha ya macho hospitalini. Hilo limenigusa mno: biashara ilikuwa mkononi mwako, ukatanguliza macho yangu. Wenye maduka ya miwani, wahudumieni wazee hivyo.