Tasnifu za historia ya kijeshi zitengewe tuzo

Mhariri,

Naomba nafasi nivitolee wito vyuo vikuu vya Egerton, Maseno na Masinde Muliro vishirikiane kuanzisha tuzo ya kila mwaka kwa tasnifu bora ya mwanafunzi kuhusu historia ya kijeshi.

Mada zimejaa huku kwetu: mapigano ya Chetambe ya mwaka 1895 kati ya Wabukusu na Waingereza, upinzani wa Wanandi dhidi ya Waingereza hadi kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa mwaka 1905, vita vya Kisii vya Septemba 1914 kati ya Waingereza na Wajerumani, na hapa Nakuru, uasi wa askari wa Lanet wa Januari 1964. Hata hivyo, linalonisumbua zaidi ni habari za askari wetu waliopelekwa Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipozamishwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944, walikufa watu zaidi ya 1,200, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Zipo familia ambazo bado zimehifadhi cheti cha baba cha kuachishwa jeshi, kimefungwa kwenye nailoni na kutoboka penye mikunjo, na anayeweza kueleza marehemu alipigana wapi ni mjane au mtoto ambaye naye sasa ni mkongwe.

Kumbukumbu nyingi za vikosi hivyo ziko kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa la Uingereza huko Kew, London, ambako wanafunzi wetu wengi hawana nauli ya kufika. Kwa sababu hiyo, waamuzi wa tuzo wayape uzito kamili mahojiano yaliyofanywa kwa Kijaluo, Kinandi au Kibukusu, mradi yamerekodiwa vizuri na kulinganishwa na maandishi yanayopatikana, na rekodi hizo zihifadhiwe maktabani pamoja na tasnifu. Mshindi agharimiwe kuchapisha muhtasari wa Kiswahili, ili familia zilizohojiwa nazo zisome.

Wapo watakaohofia kwamba tuzo hii itatukuza vita. Sikubaliani nao. Wapagazi wa Vita vya Kwanza walibeba mizigo, si bunduki, na wengi wao waliuawa na maradhi. Anayechunguza waliishije na walizikwa wapi hatukuzi chochote.

Tangazo litolewe kabla wanafunzi hawajawasilisha mapendekezo ya utafiti, kwani wakishaidhinishiwa mada ni vigumu kuibadilisha.

Mwalimu mstaafu wa Historia,
Njoro, Nakuru