Mhariri, tuchapishieni saa za maji ya Kilwa

Mhariri,

Kila likizo inapokaribia, kurasa za utalii huikumbuka Kilwa, na picha huwa ileile: matao ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale. Hatulalamiki. Ila msomaji akifika mwisho wa makala anajua kwamba Ibn Battuta alipita hapa mwaka 1331 na kwamba Wareno waliuteka mji mwaka 1505, lakini hajui avuke saa ngapi. Basi anashuka usiku Kilwa Masoko, mji wa bara unaotazamana na kisiwa, asubuhi saa tatu yuko ufukweni na familia, na siku hiyo ni ya bamvua, yaani maji makubwa yanayojaa na kupwa sana, na maji yanapwa mbio. Boti inakwaa mchanga mbali na nchi kavu. Watu wanateremka kwenye tope, viatu mkononi, mtoto begani, na safari imeharibika kabla ya kuona jiwe hata moja.

Hesabu ya maji ni nyepesi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na 15 za mwezi wa Kiislamu, maji hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kama saa nne asubuhi. Kila siku inayofuata, ongeza dakika 50. Tuseme ni tarehe 5: zimepita siku nne, hizo ni dakika 200, kwa hiyo maji yatajaa kama saa moja na dakika ishirini asubuhi. Hesabu ya vidole inaweza kukosea hata saa nzima, hivyo ukifika Masoko muulize nahodha au angalia jedwali la maji. Lakini kwa kupanga likizo ukiwa bado Dar es Salaam, inatosha kabisa.

Siku zinazomfaa mgeni ni kuanzia tarehe 6 hadi 10 za mwezi huohuo wa Kiislamu, kisha 20 hadi 24. Maji hujaa kati ya saa mbili na saa tano na nusu asubuhi, na kwa kuwa ni maji mafu, hata yakipwa hayaendi mbali. Anayetaka kuona watu wakichokoa pweza mwambani, huyo ndiye aje wakati wa bamvua.

Kibali cha kutembelea magofu hukatwa Masoko kabla ya kuvuka. Dai risiti, na mpatane bei ya boti ya kwenda na kurudi kabla hujatia mguu ndani. Kivuko ni chembamba, boti ya injini haichukui muda. Kinachochukua muda ni kisiwa chenyewe, na hapo ndipo wengi wanapokosea mpangilio. Wageni karibu wote hushukia mbele ya Gereza, ngome ile ya Waomani iliyojengwa juu ya masalio ya ngome ya Wareno, wanazunguka msikitini na Makutani, kasri lenye ukuta mkubwa, halafu ndipo wanaanza safari ya Husuni Kubwa, kasri la kale lililo upande wa mashariki, zaidi ya kilomita moja kwa miguu. Wanafika saa saba mchana, jua la utosi, maji ya kunywa yamekwisha. Wanapiga picha mbili na kugeuza.

Sisi tunashauri kinyume chake. Maji yakiwa yamejaa, mwambie nahodha akupeleke kwanza Husuni Kubwa. Kasri hili la karne ya 14, la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, limekaa juu ya mwinuko unaotazama bahari, na ukilipanda kutokea ufukweni unalifikia kama alivyolifikia mfanyabiashara aliyekuja kwa jahazi. Lina vyumba zaidi ya mia moja. Usiharakishe kwenye birika la pembe nane. Kaa ukingoni, hesabu pembe, angalia jinsi mawe yalivyochongwa kulingana. Matumbawe hai yakitolewa baharini huwa laini, fundi huyachonga upesi, kisha hewani hukauka na kuwa magumu. Ndiyo sababu nakshi zile zilikaa. Usikanyage kingo wala kupanda kuta: kilichoshika mawe yale ni chokaa, si saruji, na jiwe moja likitoka mvua inapata mlango wa kuingia ukutani. Magofu haya yaliwahi kuwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004, yakatolewa 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati.

Kutoka hapo rudi magharibi kwa miguu, polepole, hadi Msikiti Mkuu. Tofautisha sehemu mbili: ya kaskazini ni ndogo na kongwe, na ile pana ya kusini, yenye kuba na nguzo za pembe nane, iliongezwa baadaye. Asiyeambiwa huiona kama jengo moja. Msikiti mdogo wa kuba ulio karibu, kwa maoni yetu, ndio uliosalia vizuri kuliko yote. Humo tazama juu, si mbele. Kisha Makutani, makaburi ya Malindi, na Gereza mwisho, ambako boti inakungoja. Panga saa nne nzima. Kila mtu abebe lita mbili za maji, na avae viatu vya kufunga, maana kandambili hukatika kwenye mawe na hunaswa na tope. Kisiwani kuna kijiji na watu wanaishi, kwa hiyo nguo za heshima, na usimpige mtu picha bila kumwomba.

Songo Mnara, kisiwa kingine cha magofu upande wa kusini, ni siku nyingine kabisa. Huko kuna misikiti mitano, kasri na nyumba 33 za mawe ndani ya ukuta wa mji, na ukipita vyumbani unaelewa jinsi watu walivyoishi kuliko unavyoelewa Kisiwani. Lakini unashukia penye mikoko, na maji yakipwa njia ni tope. Kipindi cha kusi, yaani upepo wa kusini, ukienda kwa tanga, mwendo wa kwenda ni wa kupiga bisha, huku na huku dhidi ya upepo, basi chukueni boti ya injini na mtoke mapema. Hakikisha jaketi za kuokolea zinatosha idadi yenu, na uzihesabu mwenyewe.

Kilwa Kivinje, mji wa karne ya 19 wenye boma la Wajerumani, inatosha nusu siku wakati wa kurudi, kwa kuwa iko karibu na njia panda ya Nangurukuru. Wakati wa masika uliza kwanza hali ya barabara. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, ilikatika eneo la Somanga.

Tunachoomba ni mstari mmoja chini ya hali ya hewa: Kilwa Masoko, nyakati mbili za maji kujaa, nyakati mbili za kupwa, na kimo kwa mita. Ijumaa ingetosha, mradi iwe ya wiki nzima.

Waongoza watalii,
Kilwa Masoko