Kwa wanangu mnaotaka kumaliza mfuko wote kwenye viwanja

Wanangu wa kikundi,

Marahaba kwa shikamoo zenu zote. Sasa tusemezane. Jumapili mlirudi kutoka kutazama viwanja vinavyouzwa Mapinga, kule Bagamoyo, na fulana za bure za wauzaji na ramani ya rangi mkononi, mkapitisha kwa makofi kwamba mfuko wote wa kikundi uingie kwenye viwanja. Nilipouliza namba ya kitalu, mkacheka. Mmoja wenu akanijibu, "Bibi, ardhi haijawahi kushuka bei."

Nani kawaambia? Mimi mwenyewe ni mpangishaji. Vyumba vya Mbagala ndivyo vilivyonisomeshea watoto baba yao alipotangulia, kwa hiyo hamtanisikia nikitukana nyumba. Waliowahi Goba na Madale, hapa Dar, kukiwa bado mashamba leo wanatembea wamenyoosha shingo, na ni haki yao. Ila hao ndio mnaowasikia kwenye sherehe. Waliokwama hawasimulii.

Bagamoyo mmeisahau? Makubaliano ya bandari yalisainiwa 2013, jiwe la msingi likawekwa Oktoba 2015, na madalali wakawa wanauza kila kichaka kwa bei ya bandari. Mwaka uliofuata mradi ukasimama. Kijana wa jirani yangu alikuwa amechukua mkopo wa mshahara akanunua viwanja vitatu huko. Kwa makaratasi alikuwa tajiri. Mama yake akapigwa na kiharusi, hospitali ikataka pesa siku hiyohiyo. Yule kijana akawa anazunguka na picha za vichaka kwenye simu, na kila dalali anamwambia, "Mteja yupo, anakuja Ijumaa." Ijumaa zikapita. Mwishowe akauza kimoja kwa nusu ya alichonunulia, na alipokwenda kukikabidhi akakuta bikoni mbili, zile nguzo za mpaka, zimeng'olewa na mtu kalima mihogo katikati. Mama alinusurika, namshukuru Mungu, lakini makato ya mkopo yaliendelea kila mwisho wa mwezi kwa vichaka viwili vilivyobaki.

Hapo ndipo ninapogombea. Mnunuzi wa ardhi haji siku mnayomtaka ninyi. Kikundi chetu kinazika, kinauguza, kinalipia watoto ada. Mkimaliza mfuko wote Mapinga, msiba wa mwezi ujao mtaukatia kipande cha kiwanja?

Mtaniambia mtajenga mpangishe. Haya, tupige hesabu. Nyumba ya pande mbili imewagharimu milioni 60 pamoja na kiwanja, kila upande laki mbili kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 4.8. Upande mmoja ukikaa mtupu miezi miwili, imetoka laki nne. TRA wana asilimia 10 yao ya kodi ya pango. Rangi, bomba, gari la majitaka, na mpangaji aliyehama usiku akawaachia deni la maji: wekeni laki sita. Inabaki milioni 3.3 na ushee, hata asilimia 6 ya pesa yenu haifiki. Faida kubwa ya nyumba iko kwenye kupanda kwa bei ya ardhi, na hiyo inataka miaka na eneo zuri. Hatifungani za serikali, yaani mnaikopesha serikali nayo inawalipa riba, zinaanzia shilingi milioni moja, riba inaingia mara mbili kwa mwaka, na hazina mpangaji wa kuziba choo.

Mengine mnayajua, nayataja tu. Fanyeni upekuzi kwa Msajili wa Hati, mjue kiwanja ni cha nani, kabla ya kutoa hata shilingi. Muuzaji mwenye ndoa, mwenza wake atie sahihi. Sheria ya Ndoa ipo tangu 1971. Ardhi ya kijiji haiuzwi na mtendaji peke yake. Ulizeni kama kiwanja hakimo kwenye hifadhi ya barabara. Nendeni kukiona wakati wa masika, mjue maji yanatuama wapi, si kiangazi.

Na mji huu nao una makosa yake. Watu wanajenga kwanza, mpimaji anafuata, kisha linakuja tingatinga. Desemba 2015 tuliona Mkwajuni, Kinondoni, watu wamekaa juu ya vifusi vya nyumba zao. Huku kwetu nako, kwenye msiba wa mtu asiye na nyumba, lazima atokee wa kunong'ona kwamba marehemu hakufanya kitu mjini. Aliyeweka akiba, akasomesha, akauguza wazazi, hasifiwi. Ndiyo maana mnakimbilia vichaka, wanangu. Siwalaumu kwa kutaka kuheshimiwa.

Mimi ndiye mlezi, na hundi haitoki bila sahihi yangu. Jumamosi katibu aje na namba ya kitalu, majibu ya upekuzi na jina la mmiliki. Vikiwepo, nitasaini theluthi moja ya mfuko. Na zile fulana msije nazo.

Bibi yenu, Mbagala