Mvinyo mwekundu wa asili hautaki kuachwa peke yake

Ndugu Mhariri,

Makala za magazetini hupenda kusema kwamba mvinyo mwekundu wa asili ni zabibu zilizopondwa, zikatiwa pipani na kuachwa zijifanyie kazi. Familia yenye mizabibu yake ikifuata maelezo hayo itapata siki. Naomba nafasi nieleze.

Minya punje ya zabibu nyeusi: maji yake, kwa aina nyingi, hayana rangi. Wekundu umo kwenye ganda, pamoja na ule ukakasi unaokausha ulimi. Ndiyo sababu mvinyo huu huchachuka ukiwa na maganda yake, kwa kawaida siku 7 hadi 14.

Chachu inapokula sukari hutoa hewa ukaa, na mapovu yake huyainua maganda hadi yakafanya tabaka nene juu ya pipa. Kazi kubwa iko hapo. Tabaka hilo likiachwa hukauka na kushika joto, kisha vijidudu vya siki, ambavyo haviishi bila hewa, vinajipatia makao. Lizamishwe mara 2 au 3 kwa siku, kwa mti wenye kibao bapa mwishoni, taratibu, maana kokwa zikipasuka hutia uchungu. Anayezamisha atege sikio. Tabaka lenye uhai hufoka linaposukumwa chini. Likinyamaza ilhali mvinyo bado ni mtamu, chachu imekwama.

Mara nyingi kinachoikwamisha ni joto. Kati ya nyuzi 25 na 30 za Selsiasi panafaa. Likipita 35 chachu huanza kufa, sukari ikabaki kuwa chakula cha bakteria. Chupa za maji yaliyogandishwa, zilizooshwa na kufungwa barabara, zikitumbukizwa humo husaidia sana. Sukari nayo ipimwe kabla ya kuchuma: kila gramu 17 katika lita moja huzaa takriban asilimia 1 ya kileo, kwa hiyo gramu 220 zitafika karibu 13.

Wapo wanaoona kutia salfa, dawa ya kuzuia vijidudu, ni kuvunja mila. Si kweli, salfa imechomwa ndani ya mapipa kwa karne nyingi. Gramu 9 au 10 za metabisalfiti ya potasiamu, yaani unga unaotoa salfa hiyo, kwa lita 100 wakati wa kuponda zinatosha kwa zabibu zenye afya, zisizo na ukungu.

Baada ya kukamua, kilo 100 za zabibu hubakiza lita 60 hadi 70 hivi. Hapa ndipo nyumba nyingi zinapoharibikiwa. Pipa la mbao hupumua, mvinyo hupungua, na juu panabaki nafasi ya hewa. Mwenyeji anachota jagi la mgeni, kesho jingine, wala harudishii. Baada ya wiki chache utando mweupe umetanda na harufu imegeuka. Tengeni chupa kubwa ya mvinyo uleule, mjazie pipa hadi mdomoni kila wiki au kila wiki mbili, na anayechota ajazie papo hapo.

La mwisho ndilo zito kuliko yote, na makala hizo hulisahau. Hewa ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama chini, na huua. Mshumaa si kipimo cha kuaminika, kwani unaweza kuendelea kuwaka mahali ambapo mtu tayari yumo hatarini. Chumba cha mapipa kifunguliwe milango na kupitishwa upepo kabla ya kuingia, mtu asiingie peke yake, na asiiname ndani ya tangi lililotoka kumwagwa ili akwangue maganda. Mwenzake akianguka humo, asimfuate kwa pupa. Aite msaada na kuingiza hewa safi kwanza, kwa sababu mwokoaji naye huanguka palepale. Ninaomba onyo hili lichapwe kando ya kila makala mtakayotoa kuhusu mvinyo wa nyumbani.

Msomaji wenu,
Mtengenezaji wa mvinyo