Mwajiri anayechelewesha mshahara naye ni mkopaji, alipe riba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nichangie mjadala wa mikopo umiza, hii ya riba kubwa ambayo wakopeshaji wake mtaani tunawaita kausha damu. Kila anayesimama jukwaani siku hizi anamsema mkopeshaji, na mimi sina la kumtetea. Lakini yupo mtu wa pili kwenye biashara hii ambaye sijasikia akitajwa, na huyo nimefanya naye kazi miaka mingi.

Nilikuwa karani wa mishahara katika viwanda vya Barabara ya Nyerere, upande wa Vingunguti, mpaka nilipostaafu. Karani wa mishahara hujua mengi bila kuuliza. Hujua nani kafiwa, nani kaongeza mke, nani mtoto wake kachaguliwa kidato cha kwanza na hana sanduku la bweni, kwa sababu wote hao hupita dirishani kwake kuuliza swali lilelile: "Mzee, zinatoka lini?" Jina la kiwanda sitaliandika. Ninayoyasema yalikuwa ya viwanda vingi vya mtaa ule.

Siku mshahara ulipoingia, mtu aliyetaka kuona kausha damu anavyofanya kazi hakuhitaji kwenda mbali. Angesimama kwenye mashine ya ATM ya kituo cha mafuta, angemkuta kijana mmoja ameshika bunda la kadi za benki za wadeni wake zimefungwa kwa mpira, na namba za siri ameziandika kwenye daftari. Anachomoa kadi moja, anatoa fedha, anachukua chake, anaweka, anachomoa nyingine. Wenye kadi wamejipanga pembeni wakisubiri chenji ya mishahara yao wenyewe. Benki zote zinakataza kumpa mtu namba ya siri, na kila mtu kwenye foleni ile alikuwa anajua hivyo.

Sheria ya kumbana kijana yule ipo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma katika madaraja manne. Mkopeshaji asiyepokea amana, awe kampuni au mtu mmoja, yuko daraja la pili na lazima awe na leseni ya Benki Kuu. SACCOS, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, ziko daraja la tatu, vikoba na vikundi vingine vya kijamii daraja la nne. Riba ya daraja la pili imewekewa ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Weka hesabu: ukikopa shilingi 50,000 kwa mwezi mmoja, riba halali haizidi shilingi 1,750. Wenzetu kiwandani walikuwa wanakopa hiyo 50,000 na kurudisha 65,000, na fomu wameilipia kando. Kwenye simu nako ni hivyohivyo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Waliokopa huko wanakumbuka jinsi ujumbe wa kuwaaibisha ulivyokuwa ukitumwa kwa kila namba iliyohifadhiwa kwenye simu zao, mpaka kwa wakwe.

Kwa hiyo wakamatwe, wafungiwe, sina ugomvi. Ninachouliza ni hiki: mtu mwenye ajira, mwenye mkataba, mwenye namba ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, anakwendaje kwa kausha damu? Wengi hujibu kwamba mshahara ni mdogo. Ni mdogo kweli. Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya 2022, iliyotumika kuanzia Januari 2023 hadi mwisho wa 2025, iliweka shilingi 150,000 kwa mwezi kwa sekta ya viwanda na biashara, kutoka 115,000 ya amri ya 2013. Lakini udogo peke yake haumpeleki mtu kwa kausha damu. Mwenye mshahara mdogo unaotoka tarehe inayojulikana hujipanga: atakopa dukani kwa Mangi, atamwomba mwenye nyumba siku mbili, atacheza upatu. Mangi na mwenye nyumba wanamwamini kwa sababu wanaijua tarehe. Anayewakimbiza watu kwa kausha damu ni yule mshahara wake uliopaswa kutoka tarehe 30 na leo ni tarehe 9, na ofisini wanampiga kalenda.

Nichukue mfano mmoja wa mama wa idara ya kufungasha, bila kumtaja. Mshahara wake ulikuwa hiyo 150,000. Ukitoa 15,000 ya NSSF na 3,000 ya chama cha wafanyakazi, alikuwa anapokea 132,000. Mwezi mmoja mshahara ulichelewa karibu wiki mbili, mwenye nyumba akafunga mlango kwa kufuli lake. Akakopa 50,000. Mshahara ulipotoka, 65,000 ikabaki kwa mkopeshaji aliyeshika kadi, yeye akaondoka na 67,000. Mwezi uliofuata mshahara ulitoka kwa wakati, lakini haukumsaidia. Ile 67,000 haikuwa imefika katikati ya mwezi, na alikuwa ameshakopa tena. Tangu hapo kadi yake haikurudi mkononi mwake. Alipopewa zamu ya usiku akafurahi, maana kuna nyongeza ya asilimia 5 kwa saa za usiku. Nyongeza yote iliishia kwenye marejesho.

Sasa turudi ofisini, kwa huyo mtu wa pili. Mishahara ilikuwa inachelewa kwa nini? Mara mteja mkubwa hajalipa, mara kontena la malighafi limekwama bandarini, mara dola hazipatikani. Sababu hizi nyingi zilikuwa za kweli. Sisemi mabosi walikuwa wanakaa na fedha wanazihesabu. Lakini fedha zikiwa chache mwajiri hupanga nani alipwe kwanza, na mimi nilikuwa nauona mpangilio huo kwa macho. TANESCO analipwa, maana atakata umeme. Msambazaji wa malighafi analipwa, maana hataleta mzigo. Benki inalipwa. TRA, mamlaka ya mapato, ndiyo usiseme: kodi ya mishahara ya wakubwa na wasimamizi ina tarehe yake, siku ya 7 ya mwezi unaofuata, na ukipitisha unatozwa riba na adhabu chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015. Nimeona mhasibu anatoka mbio na karatasi za kodi ya mishahara ambayo wenyewe bado hawajaipata. NSSF nayo ina adhabu yake. Ukimaliza orodha yote unamkuta mfanyakazi, ambaye ukimchelewesha hakuna kinachotokea. Bosi husema, "Waambieni wavumilie kidogo."

Huko kuvumilia ni mkopo, na ndio mkopo wa bei rahisi kuliko yote mjini. Tuseme kiwanda kina wafanyakazi 400 na kila mmoja anapaswa kupokea 132,000. Hizo ni shilingi milioni 52.8. Kwa riba ya benki ya kama asilimia 15 kwa mwaka, kuzikopa kwa nusu mwezi kungemgharimu mwajiri kama shilingi 330,000. Akizichukua kwa wafanyakazi wake, yaani akiwachelewesha nusu mwezi, hazimgharimu hata senti. Mtu mwenye akili ya biashara atachagua wapi? Na upande wa pili, kama robo tu ya hao 400 watakwenda kukopa 50,000 kila mmoja ili kuziba pengo, watalipa riba ya shilingi 1,500,000 kwa ajili ya kumwokolea bosi 330,000. Hii ndiyo hesabu ambayo haisemwi jukwaani.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ni sheria nzuri na nimeitumia sana. Inasema mshahara ulipwe kwa fedha, siku iliyokubaliwa, na mfanyakazi apewe maelezo ya maandishi ya makato yake. Kifungu cha 28 kinamkataza mwajiri kumkata mfanyakazi kwa deni bila kibali chake cha maandishi, na kama ni kufidia hasara aliyoisababisha kazini, makato yasivuke robo ya mshahara wa fedha. Watumishi wa serikali nao wana kinga yao ya kubakiwa na theluthi moja ya mshahara. Lakini kijana wa bunda la kadi hana habari na robo wala theluthi. Yeye si mwajiri, hivyo kifungu cha 28 hakimhusu, na afisa kazi hana cha kumuuliza. Benki Kuu nayo inamtazama leseni na riba. Mshahara wa mama yule ulichelewa au haukuchelewa, si kazi yake.

Kilichonishangaza zaidi ni kifungu cha 27. Humo imeandikwa kwamba malipo ya awali anayopewa mfanyakazi kabla ya siku ya mshahara si mkopo na hayatozwi riba. Ni sawa kabisa. Watunga sheria walikaa wakafikiria mfanyakazi akipewa fedha mapema itakuwaje, wakamalizia hapo. Upande wa pili, mwajiri akikaa na fedha ya mfanyakazi kwa kuchelewa, hawakuweka riba ya kujihesabu yenyewe kama ile ya kodi. Aliyecheleweshwa ataambiwa aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ajaze fomu namba 1, ndani ya siku 60. Usuluhishi wenyewe umepewa siku 30. Mtu aliyecheleweshwa wiki mbili, siku ya kuitwa ikifika atakuwa ameshalipwa, na msuluhishi atamuuliza anadai nini. Riba ya kausha damu aliyoilipa haiandikwi popote. Na ruhusa ya kwenda huko ataiomba kwa nani? Kwa mwajiri huyohuyo.

Ombi langu kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi, na kwa wabunge wanaotoka majimbo yenye viwanda, ni marekebisho ya kifungu kimoja tu. Mshahara ukipita siku tatu baada ya tarehe iliyokubaliwa, uanze kuzaa asilimia 3.5 kwa mwezi, ihesabiwe kwa siku, ilipwe pamoja na mshahara bila mfanyakazi kudai. Nimechagua 3.5 kwa makusudi. Kama serikali imeona hicho ndicho kiwango cha juu anachoweza kutozwa maskini anayekopa, kitamfaa na tajiri anayekopa kwa maskini. Kwa kiwanda changu cha mfano, nusu mwezi ingekuwa shilingi 2,310 kwa kila mtu, jumla 924,000. Mfanyakazi hatatajirika kwa 2,310. Lakini mwajiri ataona kwamba kukopa benki kwa 330,000 ni nafuu, na atakwenda benki, ambako ndiko watu wa saizi yake wanakopa.

Najua yatakayosemwa. Waajiri watasema tunaua viwanda vidogo. Mbona TRA haijaambiwa hivyo? Kiwanda kinachoweza kuheshimu tarehe 7 ya TRA kinaweza kuheshimu tarehe 30 ya wafungashaji. Ndugu zangu Waislamu nao, na mimi ni mmoja wao, watasema riba ni riba hata ikimwendea mnyonge. Basi iitwe fidia ya ucheleweshaji, iwe kiwango maalumu kwa kila siku, mradi mwajiri aisikie. Tumefundishwa kumlipa mtu ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na Wakristo wanasoma katika Kumbukumbu la Torati kwamba apewe kabla jua halijachwa, kwa hiyo sidhani kama kuna msikiti au kanisa litakalopinga.

Lipo jambo la pili, dogo, na hilo halihitaji Bunge. Ile adivansi ya kifungu cha 27 viwanda vingi vimeifuta au vinaitoa kwa upendeleo, mpaka umbembeleze msimamizi. Vyama vya wafanyakazi, wakiwemo TUICO wa viwandani na biashara, waidai kwenye mikataba ya hali bora kama haki yenye tarehe, katikati ya mwezi. Kiwanda kimoja nilichokifanyia kazi zamani kilikuwa kinaitoa kila tarehe 15, theluthi ya mshahara, na hapo wakopeshaji walikuwa wanapita getini bila kusimama.

Wa kukagua wapo. Maafisa kazi wana mamlaka ya kuingia kiwandani na kudai kumbukumbu za mishahara. Leo wanaangalia kiasi kilicholipwa na saa za ziada. Waongeze safu moja: tarehe ya mkataba na tarehe fedha ilipoingia benki. Zote mbili zipo kwenye karatasi ambazo karani wa mishahara huzitoa kila mwezi. Akiombwa, hatachukua hata nusu saa kuzileta.

Jina langu lihifadhiwe tafadhali, bado nafuatilia mafao yangu.

Karani mstaafu,
Kipawa, Dar es Salaam