Masomo ya simu na mabinti wa Politekniki

Bwana Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wenu anayetaka vyuo vya Lubumbashi virudishe masomo kwa njia ya simu kama wakati wa korona. Anasema watakaofaidika kuliko wote ni wasichana: hawatalipa teksi, hawatasumbuliwa njiani, watasoma nyumbani kwa amani. Mimi ni msaidizi wa mazoezi ya umeme katika Politekniki, yaani kitivo cha uhandisi, ya chuo kimoja cha hapa, na juu ya hiyo amani ya nyumbani nina la kusema.

Vyuo vilifungwa Machi 2020. Jiji letu lilianza na zile siku mbili za kufungiwa ndani, tukadhani yatapita upesi. Idara ikaanza kutuma masomo kwa WhatsApp: picha za ubao, sauti za profesa, PDF. Kweli, wasichana waliandika maswali ambayo ukumbini, mbele ya kundi la wavulana wanaozomea, wasingethubutu kuuliza. Hapo msomaji wenu hakukosea.

Lakini angalia saa za majibu yao. Wavulana wengi walituma mazoezi mchana, wasichana usiku wa manane. Mmoja wa Katuba alinitumia sauti akiuliza kwa nini jumla ya mikondo ya umeme kwenye nodi, pale nyaya zinapokutana, haimpi sifuri, maana sheria ya Kirchhoff inasema lazima iwe sifuri. Nyuma yake mtoto analia na mtu mzima anamwita aje asonge bukari, yaani ugali. Alikuwa amesahau alama ya kutoa, basi. Ubaoni ningemwonyesha papo hapo. Yeye alikaa na kosa hilo karibu wiki nzima, kwa sababu simu ilikuwa ya kaka yake, naye huipata kaka akishalala, umeme ukiwepo.

Na umeme wenyewe tunaujua. Ukirudi baada ya delestaji, ule mgawo wa umeme, binti hakimbilii kuchaji simu asome. Anaanza na ndoo, ajaze maji kabla pampu haijazima, kisha pasi. Nani nyumbani aliwahi kumwambia mvulana aache hesabu akajaze maji?

Serikali nayo haikutusaidia. Septemba 2020, katikati ya shida ile, ikaleta RAM, ada ya kusajili simu: dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G au 4G, zikikatwa kidogo kidogo kwenye unite, yaani salio la simu. Unaweka unite upakue somo, RAM inakula kwanza. Ilifutwa mwaka 2022, masomo yameshapita. Katika nyumba yenye watoto watatu chuoni, mega za intaneti za kugombania zilikwenda kwa nani, sina haja ya kueleza.

Haya yote yangeumiza hata mwanafunzi wa sheria. Uhandisi una jambo la ziada: unataka mikono. Miezi ile wavulana wetu wengi walishinda kwa mafundi, wa magari, wa simu, wa kulehemu, wakirudi jioni na mafuta kwenye vidole. Dada zao walikuwa jikoni na sokoni. Maabara ilipofunguliwa Agosti, kila kundi lilikuwa na mvulana aliyeshika multimeta, kifaa cha kupimia umeme, na msichana aliyeandika ripoti, kwa mwandiko mzuri sana. Tulikuwa tunakimbiza mwaka uishe, kisha Desemba tukafungwa tena hadi Februari 2021.

Mwaka huohuo wa 2021 UNESCO iliandika kwamba wanawake ni asilimia 28 tu ya wahitimu wa uhandisi duniani. Mama Thérèse Izay Kirongozi, mhandisi aliyetoka ISTA, chuo cha ufundi cha Kinshasa, na kutuletea maroboti ya kuongoza magari mwaka 2013, hakujifunza kuyaunda kwa kusikiliza sauti za WhatsApp.

Kwa hiyo, kabla ya kurudisha chochote, vyuo vitoe matokeo ya miaka ile miwili, wasichana peke yao na wavulana peke yao, nadharia kando na mazoezi kando. Karatasi zimo sekretarieti, ni kuhesabu tu. Nadharia ikibidi ipite kwenye simu, iwe sauti fupi na PDF nyepesi, si video. Mazoezi yabaki maabara, milango iwe wazi hata Jumamosi, na kila mwanafunzi apime saketi yake mwenyewe mbele ya msaidizi kabla hajapewa alama.

Msaidizi wa mazoezi ya umeme,
Kampemba, Lubumbashi