Mgonjwa wa kifua akiruhusiwa, nasi tufundishwe kumuuguza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo ambalo tunaouguza watu wazima huku Pemba tunalijua vizuri, ila wodini halizungumzwi. Mgonjwa aliyelazwa kwa mafua makali, UVIKO-19 au virusi vyengine vinavyoshuka kifuani huruhusiwa homa ikiondoka na akiweza kupumua bila ya oksijeni. Daktari hapo kamaliza kazi, na mara nyingi kaifanya vizuri. Yetu ndiyo kwanza inaanza.

Mkwe wangu ana miaka sitini na kitu na ana kisukari. Aliingia spitali akiwa mtu wa kwenda pwani kwenye mwani wake, akarudi hawezi kuinuka peke yake. Kadi ya kuruhusiwa iliandikwa dawa na tarehe ya kliniki, basi. Hapana aliyeuliza choo chetu kiko wapi (kiko uwani, cha kuchutama, na kina ngazi), wala nani atamkogesha. Mume wangu ni mwanawe, lakini kumkogesha mama yake hawezi, kwa hiyo kazi ikawa yangu, na bamvua, siku za maji kupwa sana, zikanipita bila ya kushuka pwani. Siwalaumu manesi, wodi ilijaa na wao walikuwa wachache.

Mtu akilala kitandani siku nyingi misuli hulegea upesi, na mtu mzima hukawia kuirudisha. Kikohozi na uchovu huweza kudumu wiki kadhaa. Baada ya UVIKO-19 wengine hukaa nao miezi. Mwenye maradhi ya moyo ana hatari zaidi ya kupata shambulio la moyo katika siku zile zile za mafua makali. Hata RSV, virusi vya njia ya hewa ambavyo wengi tunavijua kuwa ni vya watoto wachanga, hulaza wazee pia, hasa wenye pumu, moyo au kisukari.

Huku nyumbani kila anayekuja kumtazama mgonjwa husema, "Mwacheni alale, kachoka." Kwa huruma hiyo mtu hushinda kitandani na miguu ikazidi kufa nguvu, na akihamishiwa ukumbini hukaa karibu na jiko la kuni na makumbi, moshi wote wake. Kumbe angesaidiwa akae kitako, asimame, atembee hadi mlangoni, apumzike, arudie. Pumzi ikimpanda, ainame mbele kidogo, avute hewa kwa pua na kuitoa polepole kwa mdomo uliobinywa, kama anayepoza uji. Ale samaki, mayai na maharage, si uji mtupu. Na tujue lini tusingoje kliniki: homa ikirudi, pumzi ikienda mbio, midomo ikigeuka rangi, mguu mmoja ukivimba, au akianza kusema yasiyoeleweka.

Haya niliambiwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo kwa dakika chache tu, tena kliniki. Yangesemwa wodini, siku moja kabla ya kuruhusiwa, mbele ya yule atakayeuguza hasa, asiwe shemeji aliyekuja na gari tu. Siku hiyo hiyo mgonjwa atazamwe: anainuka kwenye kiti bila ya kushikwa? Akipanda ngazi mbili tatu, kile kifaa cha kubana kidoleni, cha kupimia oksijeni, kinasomaje? Anayeshindwa apewe mkongojo au kiti cha choo cha kuazima, na jina lake lipelekwe kituo cha afya cha shehia yake.

Shehiani tunao wahudumu wa afya wa jamii wanaopita majumbani, hasa kwa wajawazito na watoto wadogo. Wanazijua nyumba zetu. Waongezewe mafunzo na posho, wampitie pia mtu mzima aliyetoka kulazwa katika wiki zile za mwanzo. Pensheni Jamii ya wazee wa Zanzibar iliyoanza mwaka 2016 ni msaada, ila humpata aliyetimiza miaka 70. Mkwe wangu hajafika, na mimi ninayemuuguza ndiyo kabisa.

Ningependa Wizara ya Afya itujibu kupitia ukurasa huu kama karatasi moja ya maelekezo ya nyumbani, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, inaweza kubandikwa kwenye kadi ya kila mtu mzima anayeruhusiwa, kuanzia spitali za Pemba.

Msomaji wenu,
Kengeja, Pemba